Tupime, Tusikisie: Mwendo wa Metali Iliyoyeyuka

(Haya ni mazungumzo yaliyofanywa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima na mafundi wa kusubu vyombo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Leo tutazungumza juu ya jambo moja tu. Jambo lenyewe ni mwendo wa metali iliyoyeyuka. Tukisema metali tuna maana ya chuma, shaba, risasi, alumini na vitu vya jamii hiyo. Vyote hivi vikipata moto wa kutosha huwa kama maji. Hutiririka. Fundi huvimimina katika kalibu, navyo vikiganda huwa chombo. Kazi hiyo huitwa kusubu.

Pengine mtu atauliza: "Mambo ya metali yatuhusu nini sisi wakulima?" Yanatuhusu sana. Sufuria nyingi nzito tunazopikia ugali na maharage zimesubiwa na mafundi wadogo kwa alumini chakavu. Mashine ya kusagia nafaka ina vipande vya kusubu. Injini ya gari linalobeba mazao yetu nayo ni hivyo hivyo. Metali isipotiririka vizuri ndani ya kalibu, chombo hutoka na kasoro. Pengine kina pengo ukingoni. Pengine kina mshono pale ambapo mikondo miwili imekutana bila kushikana. Pengine kina vitundu vidogo kama vya sindano. Mama aliyenunua sufuria ya namna hiyo amepoteza fedha. Fundi naye amepoteza makaa, amepoteza siku, na amepoteza jina.

Sasa basi, fundi akiona metali imesimama njiani, mara nyingi husema: "Ni nzito, ongeza moto!" Hapo ndipo tunapotaka kukaa leo. Je, ni kweli kwamba ni nzito? Na je, moto ndiyo dawa?

MNATO NI NINI?

Chukueni maji na asali. Mimineni vyote viwili. Maji hukimbia, asali hujivuta. Ule ugumu wa kitu kutiririka huitwa mnato. Asali ina mnato mkubwa. Maji yana mnato mdogo.

Tahadhari hapa, ndugu zetu. Mnato si uzito wa mizani. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya maji. Lakini hutiririka polepole kuliko maji. Zebaki, ile metali ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia, ni nzito mno. Lita moja ya zebaki ina kilo 13 na nusu. Hata hivyo zebaki hukimbia kama maji. Msiiguse kwa kujaribu, maana ni sumu. Tunaitaja ili mwone kwamba kitu chaweza kuwa kizito kwenye mizani, na bado kikawa chepesi kutiririka.

Mnaweza kupima mnato nyumbani. Chukueni kopo tupu. Tobeni tundu moja chini kwa msumari mwembamba. Zibeni tundu kwa kidole. Jazeni maji mpaka alama fulani, kisha ondoeni kidole na kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka maji yaishe. Andikeni hesabu. Kausheni kopo, jazeni mafuta ya kula mpaka alama ile ile, mhesabu tena. Mtaona tofauti. Hapo mmekwisha kufanya kazi ya mtaalamu: mmepima, mmeandika, mmelinganisha.

METALI SI UJI

Watu wengi hudhani alumini iliyoyeyuka ni nzito kama uji. Sivyo. Wataalamu wamepima. Tuseme mnato wa maji ya kawaida ni 1. Mnato wa alumini, hapo inapoyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, ni 1 na robo au zaidi kidogo. Mnato wa shaba inapoyeyuka ni kama 4. Mnato wa chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1538, ni kati ya 5 na 6. Mafuta ya kula yana makumi kadhaa. Asali ina maelfu.

Mnaona? Chuma kilichoyeyuka kinatiririka kwa wepesi kuliko mafuta ya kupikia! Na alumini iko karibu kabisa na maji.

WATAALAMU HUPIMAJE?

Mtu atauliza tena: "Chuma cha moto namna hiyo, nani akitie katika kopo lenye tundu?" Ni swali zuri. Zipo njia nyingine.

Hebu chukueni mayai mawili, moja bichi na moja lililochemshwa likaiva. Yazungusheni juu ya meza kama pia. Yai lililoiva huzunguka sana. Yai bichi huyumba na kusimama upesi. Kwa nini? Ndani ya yai bichi mna majimaji. Majimaji hayo hayafuati ganda sawasawa. Yanasuguana na ganda, yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo hula nguvu ya mzunguko.

Wataalamu hutumia jambo hilo hilo. Huchukua kikombe kigumu kinachostahimili moto. Hutia metali ndani yake, hukifunika, hukining'iniza kwa waya ndani ya tanuru. Kisha hukipinda kidogo na kukiachia. Kikombe huzunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu pungufu, mpaka kitulie. Metali iliyomo ndani ndiyo inayokipunguzia nguvu. Wataalamu hupima jinsi mzunguko unavyopungua, kisha kwa hesabu hupata mnato. Wazo la kupima mnato kwa kitu kinachoning'inia kwenye waya si la jana. Mfaransa Charles Coulomb alilitumia kwa vitu vya majimaji zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Lakini ziko metali zenye moto mkali hata zikala kikombe chenyewe. Basi hizo hupimwa bila kikombe! Tone dogo la metali huelezwa hewani kwa nguvu ya umeme. Halafu hutikiswa, likacheza kama tone la umande juu ya jani la mgomba. Likiwa na mnato mkubwa, hutulia upesi. Likiwa na mnato mdogo, huendelea kucheza. Huku duniani uzito wa tone hulivuta chini na kuharibu umbo lake. Kwa hiyo mwaka 2014 tanuru la namna hiyo lilipelekwa angani, katika kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia. Huko vitu huelea, na tone hukaa mviringo.

Msidhani watu hawa wanacheza. Anayetengeneza mashine za ndege au za magari anataka kujua, kabla hajachoma kuni, metali yake itafika wapi ndani ya kalibu.

KWA NINI BASI INASIMAMA NJIANI?

Haya, tumesema alumini hutiririka karibu kama maji. Mbona haijazi kalibu?

Akina mama wanajua jibu. Mimina samli ya moto katika sahani ya baridi. Hukimbia mwanzoni, halafu ukingo wake huanza kuganda. Mwishowe husimama. Haikusimama kwa sababu ilikuwa nzito tangu mwanzo. Imesimama kwa sababu imeganda.

Metali ni hivyo hivyo. Inapoingia katika kalibu, mchanga huinyang'anya joto. Pembeni huanza kuganda. Njia huzidi kuwa nyembamba. Mwisho njia huziba. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa.

Sababu ya pili ni utando. Alumini ikigusana na hewa hupata ngozi nyembamba juu yake, kama ile ya maziwa yaliyochemshwa. Ngozi hii ni ngumu na haiyeyuki kwa moto wa fundi. Huzuia metali kuingia pembe nyembamba. Tena, mikondo miwili yenye ngozi ikikutana haishikani, ndiyo ule mshono tuliousema.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kuna vitu viwili vya kupima. Kuna mnato, ambao wataalamu huupima kwa kikombe na waya. Na kuna umbali ambao metali inafika kabla haijaganda. Huo umbali ndio unaomfaa fundi zaidi. Na huo hauhitaji mashine ya fedha nyingi.

KIPIMO CHA FUNDI: MFEREJI WA KONOKONO

Kipimo hiki hutumika katika viwanda vya kusubu duniani. Ni mfereji mwembamba unaozunguka kama gamba la konokono, au kama ukindu pale kawa linapoanza kushonwa. Unazungushwa ili mfereji mrefu uenee katika kalibu ndogo. Kinafanywa hivi:

Kwanza, pinda nondo laini, nene kama kidole, izunguke kama konokono. Hii ndiyo mfano wako. Itunze, usiibadilishe.

Pili, igandamize katika mchanga wa kalibu mpaka uache mfereji. Iondoe polepole.

Tatu, funika kwa kalibu ya juu yenye mchanga. Acha tundu moja tu la kumiminia, liangukie katikati, pale mfereji unapoanza.

Nne, engua taka na utando juu ya metali iliyoyeyuka. Mimina bila kusita, bila kurusharusha.

Tano, subiri ipoe kabisa. Fungua. Lazisha uzi juu ya metali kutoka mwanzo hadi pale iliposimama. Nyoosha uzi, upime kwa rula. Hiyo ndiyo namba yako.

Fanya mara 3. Tuseme mara ya kwanza umepata sentimita 42, mara ya pili 46, mara ya tatu 44. Jumlisha: 132. Gawa kwa 3: unapata 44. Andika katika daftari: tarehe, aina ya chakavu, aina ya makaa, hali ya mchanga, na hiyo 44.

Siku nyingine jaribu chakavu cha aina nyingine. Lakini badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha chakavu, mchanga na urefu wa kumimina kwa siku moja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Hapo itakuwa ni kukisia tena.

Mtaona jambo. Vipande vya injini, kama pistoni, kwa kawaida hufika mbali kuliko nyaya za umeme. Hii ni kwa sababu alumini ya injini imechanganywa na silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga. Alumini yenye silikoni kama sehemu 12 katika 100 huyeyuka mapema, kwenye nyuzi joto 577 hivi. Tena huchelewa kuganda, kwa maana silikoni hubeba joto jingi. Nyaya ni alumini karibu tupu. Mafundi wengi wameliona jambo hili kwa macho. Kipimo kinawapa namba yake.

MOTO MWINGI SI DAWA

Turudi kwa yule anayesema "ongeza moto." Ana haki kidogo. Metali yenye moto zaidi huchelewa kuganda, hivyo hufika mbali. Lakini haiwi nyepesi sana kuliko ilivyokuwa. Kutoka nyuzi 660 hadi 750, mnato wa alumini hupungua kidogo tu. Na moto ukizidi, huleta hasara tatu.

Hasara ya kwanza ni makaa yanayoteketea bure. Ya pili, utando juu ya alumini huzidi, na alumini yako inageuka taka ya kuenguliwa. Ya tatu ni vitundu. Alumini ya moto hunywa gesi inayoitwa haidrojeni. Gesi hii hutoka katika unyevu: makaa mabichi, chakavu chenye maji, mchanga uliolowa. Kadiri moto unavyozidi, ndivyo inavyokunywa zaidi. Alumini ikiganda haiwezi tena kuibeba gesi hiyo. Iliyoyeyuka hubeba karibu mara 20 ya iliyoganda. Basi gesi hujitoa, nayo huacha vitundu. Hivyo ndivyo sufuria nzuri kwa macho inavyokuja kuvuja jikoni.

Tena alumini ina hila. Chuma kikipata moto hukuonyesha: huwa chekundu, halafu cha manjano. Alumini iliyoyeyuka humeta tu kama fedha. Jicho huona imepoa, kumbe imezidi moto. Viwanda vingi humimina alumini kati ya nyuzi 680 na 750, kwa kutumia kipimo cha joto. Mafundi wa kikundi wanaweza kuchanga fedha wakanunua kipimo kimoja. Asiye nacho, basi afanye hivi: mara metali yote ikishayeyuka na mfereji wa konokono ukafika umbali unaotosha, asiongeze moto.

WAZEE WETU WALIJUA KUSOMA MWENDO

Hatusemi haya kama watu waliogundua jambo jipya. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu. Wahunzi wa Buhaya nao walikuwa na yao. Katika matanuru hayo chuma chenyewe hakikuyeyuka kikawa maji. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma. Ilibidi yatiririke na kushuka chini, yakiacha bonge la chuma. Yakikataa kutiririka, kazi imeharibika. Basi mhunzi alitazama, akasikiliza, akachagua udongo na makaa, akarekebisha hewa. Huo ulikuwa ujuzi wa kweli wa mnato na mwendo.

Lakini ujuzi huo ulikaa katika vichwa na midomo. Vyuma vya madukani vilipoingia, matanuru yakazimwa. Wazee wakafa, na mengi yakaenda nao. Katika miaka ya 1970 watafiti walipokwenda Buhaya, waliwakuta wazee wachache tu waliokumbuka kuwasha tanuru tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliosoma tuna kitu ambacho wale hawakuwa nacho: daftari. Fundi akiandika vipimo vyake, mwanafunzi wake hataanza tena na kukisia.

MAJI NI ADUI WA METALI YA MOTO

Jambo hili ni la uhai. Tafadhalini msilisahau. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa zaidi ya lita 1,600. Maji kidogo yakifunikwa na metali ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali usoni. Watu wamepofuka kwa njia hii. Watu wamekufa.

Kwa hiyo: pasheni moto upawa na koleo kabla ya kuvitia katika metali. Chakavu kikaushwe juu ya tanuru kwanza. Msitie kopo au bomba lililozibwa, maana huwezi kujua lina nini ndani. Mchanga uwe na unyevu wa kushikana tu, usitoe maji mkononi. Msimimine juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Vaeni viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, na kitu cha kukinga macho. Nguo za nailoni huyeyuka na kushikana na ngozi. Watoto wakae mbali.

KIPIMO CHA MWENDO HAKIPIMI SUMU

Jambo la mwisho. Metali yaweza kutiririka vizuri kabisa na kujaza kalibu, na bado isifae kwa chakula. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwamo Kenya na Tanzania. Walichemsha ndani yake maji yenye siki. Vyombo 15 kati ya 42 vilitoa risasi ya kutosha kuwatia wasiwasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na macho hayawezi kuiona.

Risasi huingia kwa chakavu kilichochanganywa ovyo. Basi fundi atenge chakavu. Vipande vya betri, vyenye lehemu, vyenye rangi, au asivyovijua asili yake, visiingie katika sufuria. Hata kipande cha injini kikifika mbali katika mfereji wa konokono, hiyo si hati ya usafi. Chakavu cha kuchanganyika kifanyie vitu visivyoingia jikoni.

Ndugu zetu, tumefika mwisho. Metali haisimami kwa kuwa ni nzito. Inasimama kwa kuwa inaganda na kwa kuwa ina utando. Dawa yake si moto wa ovyo. Dawa yake ni kukausha, kuengua, kuchagua chakavu, kupima na kuandika. Fundi anayepima atatumia makaa machache na kutupa vyombo vichache. Nasi wanunuzi tutapata sufuria inayodumu.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mnato una tofauti gani na uzito wa mizani? Toeni mfano wa mafuta na maji.
2. Kwa nini alumini husimama njiani ingawa hutiririka karibu kama maji?
3. Fundi mmoja alipata sentimita 36, 39 na 33. Wastani wake ni ngapi?
4. Moto ukizidi, hasara tatu ni zipi?
5. Je, mafundi wa kijiji chenu hutenga chakavu? Kikundi kinaweza kuwasaidiaje?